Damu ya Pili

Chang'ombe, Dodoma
14 Machi 1993

Baba Salwa,

Assalaam aleykum. Mimi mzima, Salwa mzima, kikohozi kimemwacha. Mama yako naye mzima, ila analalamika kwamba barua zako ni kama mvua za huku, watu wanaangalia juu mpaka shingo zinauma. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Jana alikuja Zipora dukani. Namsema Zipora wa Haneti, niliyesoma naye mpaka darasa la saba, yule aliyeleta kibuyu cha maziwa ya mgando siku ya harusi yetu, shangazi zako wakagombania. Tangu afiwe na mumewe, ng'ombe anawatunza mwenyewe, na shemeji yake Meshack yuko pale pale anasubiri aharibu kitu kidogo tu, apate sababu ya kuwaswaga kwake.

Duka lilikuwa limejaa. Hakunisalimu. Aliweka pakiti tupu ya ile dawa nyekundu mezani, akasema kwa sauti, "Stara, umeniuzia nini?"

"Dawa ya nagana, kama siku zote. Kuna nini?"

"Nimewachoma sindano ng'ombe wote. Majike wawili wamekufa, dume anajikokota. Ndorobo wa kuwauma ng'ombe na kuwapa nagana wamekuwepo porini kwetu tangu enzi za babu, na dawa hii ilikuwa inawaponya. Hii yako ni unga wa nini?"

Wateja walitoka mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka chungu jikoni. Unaujua mji huu tangu iwe ruksa kila mtu kuuza dawa. Anayeuza viatu vya mtumba leo, kesho anauza sindano. Dawa za uongo zipo, sikatai. Lakini yangu natoa Dar kwa wakala yule yule na boksi linafika limefungwa. Nani atanisikiliza? Kabla jua halijazama, jirani yangu mwenye duka pale kona alikuwa keshasema kwangu wanasaga matofali.

Fabian wa maabara ya mifugo amekubali kwenda Haneti kutoa damu. Kuna daktari wa Morogoro anakuja huko Skotilandi unakosomea, mwisho wa mwezi, na ile chupa ya baridi kali ya kugandishia damu, ataibeba. Nimeweka pia pakiti moja nzima ya boksi lilelile. Vipime vyote. Ninataka kujua, ninauza dawa au ninauza unga? Kama ni unga, nitafunga duka kwa mkono wangu.

Usinipambie maneno. Moyo wangu haukai.

Stara

*

Glasgow
22 Aprili 1993

Mama Salwa wangu,

Waaleykum salaam. Nianze na ulilouliza: dawa yako ni dawa. Nimeipima mwenyewe, akarudia mwenzangu wa maabara, ikatoka safi. Mwambie huyo jirani wa kona akatafute matofali kwake.

Kuhusu wale majike wawili, inawezekana walichelewa kuchomwa. Ng'ombe akishadhoofu sana, dawa inamkuta hana nguvu ya kusaidiwa.

Sasa kaa kitako, maana nina habari. Nimetembea kwenye mvua ya hapa bila koti, watu wakanitazama, kwa sababu ya hiyo damu ya Haneti. Unajua vimelea vya nagana ni vidogo mno, kila kimoja ni chembe moja tu ya uhai. Ndani yake maagizo yote ya maisha yameandikwa kwenye nyuzi ndefu za DNA. Sisi tunaziweka kwenye jeli, tunapitisha umeme, nyuzi zinajipanga kwa ukubwa. Damu za ng'ombe wengine wote nilizopima zilitoa mistari niliyoitegemea. Ya Zipora ilitoa mstari wa ziada. Nilirudia, nikarudia tena. Mama Salwa, ni pete! Kimelea kimechukua kipande kidogo cha maagizo yake, kikakifunga mwanzo na mwisho kikawa duara, kikakitoa nakala nyingi, kama mtu aliyechukua ukurasa mmoja wa kitabu akaenda kuupiga fotokopi mfuko mzima. Pete hizo zinaelea zenyewe, nje ya zile nyuzi kubwa. Kwa jamaa zake wanaoleta vidonda kwa watu nchi nyingine, pete za namna hii zimeshaonekana. Kwa nagana, profesa wangu anasema hajamsikia mtu aliyeziona. Zinafanya kazi gani? Hilo ndilo ninalolitafuta.

Kwa hiyo nina ombi. Mwambie Zipora aendelee na dawa nyekundu. Awachome wote mara moja tena, na asiguse ile dawa nyingine ya nagana, ya njano, kwa sasa. Wiki chache baadaye Fabian atoe damu ya pili, nayo inifikie kwa njia ileile. Haitawadhuru zaidi ya hali waliyo nayo. Kwangu hiyo damu ya pili ndiyo shahada yenyewe.

Mbusu Salwa. Mwambie mama barua yake inafuata.

Wako,
Swalihu

*

Chang'ombe
16 Mei 1993

Baba Salwa,

Mungu akuweke. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, halafu nikafunga duka nikaenda nayo Haneti. Mimi, na vumbi lile, na gari tukilisukuma njiani! Zipora nilimkuta anachota maji. Nilimsomea yale yanayomhusu, kwamba dawa ni nzima na kwamba mume wangu, daktari wa mifugo, amesema kutoka Ulaya aendelee nayo na ya njano asiiguse.

Aliweka ndoo chini, akasema, "Basi mimi nimekutukana bure mbele za watu."

Juma lililofuata alikuja mpaka dukani na jogoo, akachagua saa ambayo watu wamejaa, akaniomba radhi pale pale aliponitia ile aibu. Nikalia, naye akalia, wateja wakabaki wanachekacheka. Ndiyo maana namheshimu.

Ng'ombe wamechomwa. Alikwishafikiria kuchukua ya njano kwa yule wa kona, nikamkataza. Nilisimamia mwenyewe: maji yamechemshwa, kipimo ni kamili kwa kila ng'ombe. Siku hizi watu wanazimua, pakiti ya ng'ombe watano inapigwa maji ichome kumi, maana josho limekauka na serikali haigawi tena. Safari hii hakuna kuzimua. Ilibidi Zipora auze mbuzi, lakini alisema kama ni kwa maneno yako wewe, shemeji yake msomi, mbuzi si kitu.

Fabian atatoa damu wiki ijayo, na kuna mtu wa kuipeleka.

Ila dume bado machozi yanamtoka na mgongo umesimama kama paa la msonge. Nimemwambia Zipora avute subira, mume wangu amesema. Ni kweli, sivyo? Wewe ndiye unayejua.

Mkeo mwenye raha,
Stara

*

Glasgow
14 Juni 1993

Mama Salwa,

Damu ya pili imefika, bado imeganda vizuri. Mpe Fabian mkono wangu.

Sijui nianzie wapi. Mstari ule uliokuwa mwembamba Aprili, sasa ni mnene kama uzi wa kushonea magunia. Pete zimeongezeka mara nyingi baada ya dawa. Profesa, ambaye huwa hasemi na mtu kabla ya saa nne, aliniita ofisini kwake na kunipa mkono. Tutaandika makala. Nilivyohisi tangu Aprili ndivyo ilivyokuwa: kila pete imebeba agizo la kuitupa ile dawa nje. Dawa inaingia mlangoni, kimelea kinaitolea dirishani. Kimelea kikigawanyika, pete hazigawiwi sawa kwa watoto, mmoja anapata nyingi, mwingine chache. Ukichoma dawa, wenye chache wanakufa na wenye nyingi wanabaki kuzaana. Ndiyo maana zimejaa.

Zipora sasa abadilishe. Achome ya njano, kipimo kamili, haraka iwezekanavyo. Usichelewe kumwambia.

Posta wanakaribia kufunga. Nitaandika zaidi.

Swalihu

*

Chang'ombe
4 Julai 1993

Swalihu,

Barua yako imenikuta juzi. Nimeitoa na ile ya Aprili, nikaziweka pamoja mezani.

"Nilivyohisi tangu Aprili." Ni mwandiko wako. Kwa hiyo mwezi wa nne, uliponiandikia kwamba labda walichelewa kuchomwa, ulikuwa unahisi kwamba dawa nyekundu haitafanya kitu kwa ng'ombe wale. Ukasema haitawadhuru zaidi. Na mimi nikapanda gari nikaenda kumzuia mtu asinunue dawa ambayo ingewaponya, nikamsimamia mpaka akauza mbuzi wake.

Mimi nilikuuliza kama mke na kama mwenye duka. Wewe ulinijibu kama nani?

Wamekufa wanne tangu Mei. Dume amekufa. Meshack alikuja na vijana wa ukoo, akasema mwanamke huyu amewamaliza ng'ombe wa marehemu, akawaswaga wawili waliokuwa na nguvu kidogo. Waliobaki ni watano, na wawili wao hawasimami bila kunyanyuliwa mkia.

Jana nilichukua dawa zote za njano zilizokuwa dukani nikaenda. Tumewachoma mimi na Zipora, yeye anashika pembe, mimi nachoma. Tulipomaliza nilimwambia kila kitu. Nilimsomea barua zako zote mbili, bila kuruka neno, hata ya profesa kukupa mkono. Alikuwa anaosha sindano. Aliosha sindano moja kwa muda mrefu sana. Halafu akaniomba anwani yako.

Dawa nyekundu siwauzii tena watu wa Haneti. Nimeandika kwa chaki mlangoni. Jirani wa kona anacheka, anawauzia yeye.

Damu nyingine hutapata kwangu. Na usiniandikie mimi kabla hujamjibu Zipora. Salwa anauliza baba anarudi lini. Namwambia sijui, na huo ni ukweli.

Stara

*

Haneti
6 Julai 1993

Shemeji Swalihu,

Mbukwenyi. Mimi ni Zipora. Kuandika sijazoea, utanisamehe mkono wangu.

Stara amenieleza habari ya pete. Nimeelewa kidogo. Wadudu wana pete, wanatupa dawa. Hilo si kosa la mtu.

Mume wangu alipokufa aliacha ng'ombe kumi na watatu. Baba zao wakubwa walikaa wakasema, huyu mwanamke akiwatunza vizuri ni wa watoto wake, akiwaharibu warudi kwa ukoo. Mimi nilikubali mbele ya watu wote. Sasa wamekufa, na Meshack anasema nilikuwa nakwenda mjini kwa rafiki yangu badala ya kuchunga. Tarehe ishirini na mbili mwezi wa nane watakaa tena waamue hao watano waliobaki.

Mimi nakuuliza maneno mawili.

La kwanza, hawa watano niwafanyie nini?

La pili, uliposema niendelee, ulikuwa unajua?

Usimwandikie Stara anielezee. Niandikie mimi. Kiswahili nasoma vizuri.

Ni mimi,
Zipora Matonya

*

Glasgow
27 Julai 1993

Dada Zipora,

Barua yako nimeisoma na sikuweza kwenda maabara siku hiyo. Nakujibu kama ulivyoniuliza, ila nitaanza na la pili.

Ndiyo, nilijua. Sikuwa na hakika ya kuapia. Lakini nilipoziona zile pete mwezi wa nne, na dawa ikatoka nzima, kilichonijia kwanza kichwani ni kwamba vimelea vya ng'ombe wako vimeishinda dawa nyekundu. Ningekuwa ofisini Dodoma na wewe umesimama mbele yangu, ningekwambia hapohapo uchome ya njano. Nilikuwa mbali, na nilitaka kuona pete zikiongezeka. Kwa hiyo nilimwandikia mke wangu maneno ambayo kila moja lingeweza kutetewa, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Stara hakujua. Alikuletea alichokiamini.

Baada ya barua yake na yako nilimweleza profesa. Akasema matokeo ni matokeo, ng'ombe wamekwishakufa, kuitupa damu hiyo hakutawafufua. Huenda yuko sahihi. Mimi nimemwambia damu ya pili sitaiweka kwenye tasnifu yangu. Hilo likikubaliwa, nitarudi na shahada ndogo kuliko niliyoifuata. Sikwambii haya ili unionee huruma. Nakwambia kwa sababu umeuliza nilijua nini, na hili nalo ni sehemu yake.

Kuhusu watano waliobaki. Kama wamechomwa ya njano kipimo kamili, wape maji karibu na kivuli, wasitembezwe. Usirudie sindano kwa sababu ya hofu. Mwite Fabian atazame damu kwanza. Ukiweza, watoe kwenye pori la ndorobo mpaka mvua zije, hata kama ni kwa ndugu wa mbali. Nyekundu usiiguse, wala jirani yako asiiguse. Pete zile ni mzigo kwa kimelea. Isipokuwepo dawa ya kupigana nayo, watoto wasio na pete wanazaana upesi kuliko wenye nazo, na taratibu zinapotea. Kwa muda gani, sijui. Hakuna anayejua kwa ng'ombe wa Haneti, na nikikutajia muda nitakuwa nakudanganya tena.

Barua hii wasomee watu wa ukoo siku hiyo ya kikao. Na kwa Bwana Meshack, naandika wazi: ng'ombe wa marehemu hawakufa kwa uzembe wa Zipora. Aliwachoma kwa wakati, kwa kipimo, na kwa dawa niliyomwambia mimi. Alifuata ushauri wa daktari. Daktari ndiye aliyekosea, na hakukosea kwa kutojua.

Siombi unisamehe kwa barua.

Swalihu Jamaldini

*

Chang'ombe
29 Agosti 1993

Swalihu,

Zipora aliniomba niwepo kwenye kikao, nikaenda. Sikutaka. Walikaa uani kwa mkubwa wa ukoo, wanaume kwenye vigoda, sisi kwenye ngozi. Barua yako aliisoma Ulimboka, balozi wa nyumba kumi, ambaye sauti yake inasikika mpaka mlima wa pili. Ilipofika "nilikuwa mbali, na nilitaka kuona pete zikiongezeka", watu wote waligeuka wakanitazama mimi, kwa kuwa wewe hukuwepo wa kutazamwa. Niliinamisha uso. Nataka ujue hilo.

Meshack aliruka. "Msomi wa Ulaya anakubali kosa? Toka lini? Hii wameiandika wanawake hawa wawili dukani."

Ulimboka akainua bahasha juu, stempu yenye kichwa cha malkia wao ikaonekana, wazee wakaishika mmoja mmoja. Mzee mmoja akauliza, "Kwani amelipwa nini kujichafua hivi?" 

Ndipo Zipora akasimama. Sijawahi kumsikia akiongea mbele ya wanaume. Alisema, "Mimi nilimuuliza yule mtu maneno mawili, na yote ameyajibu. Sasa na wewe Meshack nakuuliza moja. Wale wawili uliowachukua, uliwachoma?"

Meshack akasema, "Dawa ya nini, wakati dawa ndizo zilizowaua?"

"Wako wapi?"

 Mkubwa wa ukoo akamwambia ajibu. Mmoja amekufa juma lililopita, mwingine amelala chini. Wa Zipora, waliochomwa ya njano, amekufa mmoja. Wanne wanakula, na jike mmoja ameanza kutoa maziwa, kikombe tu, lakini maziwa. Hawakuhitaji kujadili zaidi. Ng'ombe ni wake na wanawe, na yule aliyelala kwa Meshack arudishwe achomwe. Alirudishwa siku ileile, kwa mkokoteni. Sijui kama atapona.

Zipora amewahamishia ng'ombe wake Mkonze, nje kidogo ya mji, kwa mjomba wake mpaka mvua zije. Mimi ndiye niliyetafuta gari.

Duka limepoa. Nikiwaeleza wateja habari za pete wananitazama kama ninayewanyima. Wengine wanakwenda kona, wananunua nyekundu, wanaizimua, mwezi unaofuata wanarudi kwangu kuuliza kwa nini ng'ombe wao hawaponi. Nawapimia ng'ombe kifuani kwa kamba nijue uzito, nawauzia ya njano kipimo kamili au siwauzii. Baadhi wameanza kunielewa. Wengi bado.

Umesema utarudi na shahada ndogo. Mimi sikuolewa na shahada. Hasira yangu haijaisha, Swalihu, na sitaki ukaja ukadhani imeisha kwa sababu uliandika barua nzuri. Kuna siku naamka nimekusamehe, mpaka nachemsha uji wa Salwa nimesharudi palepale. Mama yako anasema nikutetee kwa watu, mume ni mume. Nimemwambia nitakutetea kwa uliyoyafanya Julai. Kwa ya Aprili jitetee mwenyewe.

Nilimuuliza Zipora, akija tumfanyeje? Alikuwa anakamua. 

"Aje kwangu," akasema. "Nitamchemshia chai, nitakaa nimtazame. Mimi sina la kusema, nimeshasema. Ataongea yeye."

Kwa hiyo utakaposhuka treni, usinitafute stesheni, sitakuwepo. Nyumbani usije kwanza. Kama mvua zitakuwa hazijanyesha, tembea mpaka Mkonze. Kama zimenyesha, panda gari la Haneti. Kunywa hiyo chai mpaka iishe. Ukitoka hapo, mimi na Salwa tuko Chang'ombe.

Stara